Mzigo na Mizani: Historia ya Ujima wa Hesabu Ionekanavyo Kutoka Isikizya

Mtu atokaye Tabora mjini kwa barabara iendayo Nzega huingia Wilaya ya Uyui, ambayo makao yake makuu ni Isikizya. Nchi hii ya Wanyamwezi haina bahari wala mto mkubwa upitikao kwa vyombo. Hata hivyo katika karne ya kumi na tisa ilikuwa bandari kubwa. Bandari yake ilikuwa ya nchi kavu, na vyombo vyake vilikuwa mabega ya watu. Habari za mabega hayo zimekwisha andikwa na wengi, nami sikusudii kuzirudia zote. Nimeishika kalamu kueleza namna nyingine ya kugawana mizigo, iliyopata nguvu katika miaka ya 1990, ambayo wanafunzi wetu wachache waijua.

Namna hiyo naiita ujima wa hesabu. Watu wengi, kila mmoja na kompyuta yake nyumbani, huombwa kubeba sehemu ndogo ya hesabu kubwa ambayo mashine moja ingalikawia miaka mingi kuimaliza. Mwenye kazi huigawanya hesabu yake katika marobota madogo, huyatuma kwa njia ya intaneti, na kila mashine hulifungua robota lake, hulikokotoa wakati mwenyewe amelala au ameketi bila kuitumia, kisha huyarudisha majibu. Ujira hakuna. Sababu iliyonisukuma kuandika ni kwamba mashine yangu mwenyewe, hapa Isikizya, ilibeba marobota hayo kwa majuma kadhaa na kuyafikisha yameharibika, nami sikujua. Katika kuitafuta hitilafu yake nilipata hasara moja na elimu moja, na yote mawili nitayaeleza mahali pake. Lakini kwanza yafaa tuitazame historia, kwa kuwa hitilafu ya leo haieleweki vema kwa mtu asiyejua jinsi walivyofanya waliotangulia kubeba.

Tuanze na mzigo wa zamani. Kutoka Bagamoyo hata Tabora ni mwendo wa yapata kilomita 800. Burton na Speke walitoka Kaole, karibu na Bagamoyo, tarehe 27 Juni, 1857, wakafika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Zikawa siku 134. Njia ile haikufaa magari, na mbung'o waliwaua wanyama wa kubebea. Basi nguo, shanga na nyaya za shaba zilizopanda bara, na pembe za ndovu zilizoshuka pwani, zote zilifungwa katika mizigo ya mtu mmoja mmoja. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani ratili 60 hadi 70. Uliozidi hapo ulimwangusha mchukuzi njiani. Uliopungua sana uliongeza hesabu ya wachukuzi, na kwa hiyo posho na ujira. Elimu ya msafara ilianzia katika kufunga mizigo, kabla ya hatua ya kwanza ya safari.

Kadhalika wakuu wa misafara walijua kwamba si vema kuyaweka matumaini yote katika safu moja. Mwaka 1871 Stanley aliugawa msafara wake katika sehemu tano, akazitoa Bagamoyo moja baada ya nyingine kati ya Februari na Machi. Alipofika Unyanyembe aliikuta vita ya Mirambo imeifunga njia iendayo Ujiji. Akalazimika kuzunguka kwa upande wa kusini. Na huko Ujiji, Livingstone, aliyerudi kutoka Manyema mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akiwa mgonjwa na mhitaji, aliambiwa kwamba bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zilikuwa zimekwisha uzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Hapa pana fundisho ambalo sitaki msomaji alisahau. Mzigo ukiwa umefungwa hausemi kama ni mzima au umepungua. Mwenye kuungoja mwisho wa safari hana budi kuwa na mizani, ama sivyo atapokea chochote aletewacho.

Mtu asidhani nataka kuipamba njia ile. Ilipitisha watumwa pamoja na pembe, na aibu yake haifutiki. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliopatana ujira wao. Walikuwa na desturi zao za kazi na fahari yao. Walijua mwendo wa kadiri na mahali pa kupiga kambi. Waligoma walipodhulumiwa, na pengine waliutua mzigo na kwenda zao mwenye msafara alipovunja ahadi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi yao katika njia ile kuu ilikwisha. Kilichobaki ni miembe, majina ya mahali, na masimulizi ya wazee.

Sasa tuvuke bahari na miaka yapata themanini, twende katika Jimbo la Virginia nchini Marekani. Huko, katika chuo cha Lynchburg, alikuwako mwalimu wa hisabati, Thomas Nicely, aliyekuwa akichunguza namba tasa pacha, yaani namba tasa mbili zinazopitana kwa mbili tu, kama 11 na 13, au 17 na 19. Kazi yake ilikuwa ndefu mno, basi akaigawa kwa kompyuta kadhaa za kawaida. Mwaka 1994 akaongeza mashine mpya yenye prosesa ya Pentium, iliyokuwa ndiyo sifa ya masoko wakati huo. Mwezi wa Juni akaona hesabu hazilingani.

Yafaa kutazama alivyofanya, kwa maana ndiyo njia ya kila mtafuta hitilafu. Hakuilaumu mashine mara moja. Kwanza alijituhumu mwenyewe, akaikagua programu aliyoiandika. Kisha akaituhumu programu iliyoitafsiri kazi yake kwa lugha ya mashine, kisha ubao mkuu, kisha sehemu nyingine, akiondoa sababu moja baada ya moja. Hesabu ile ile aliipeleka kwa mashine ya zamani na kwa mashine mpya, akayaweka majibu bega kwa bega. Miezi minne ikapita. Mwezi wa Oktoba aliweza kusema kwa yakini kwamba prosesa yenyewe, ilipogawanya moja kwa namba 824633702441, ilikosea katika tarakimu za mwisho. Kosa lilikuwa katika umbo lake tangu kiwandani. Kampuni iliyoitengeneza ililazimika kukubali kuzibadilisha prosesa hizo, na gharama ilifika dola milioni 475. Mwalimu mmoja, kwa kulinganisha mzigo mmoja juu ya mabega mawili, alikuwa ameligundua jambo ambalo mamilioni ya wenye mashine hawakuliona.

Miaka miwili baadaye, yaani 1996, George Woltman alianzisha ushirika wa kutafuta namba tasa kubwa za aina ya Mersenne, ukiitwa kwa kifupi GIMPS. Ushirika huo ungali hai; mwezi wa Oktoba 2024 ulitangaza namba yenye tarakimu 41,024,320. Lakini uliolitangaza jina la ujima wa hesabu duniani ni SETI@home, uliofunguliwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tarehe 17 Mei, 1999. Mawimbi ya redio yaliyonaswa na chombo kikubwa cha Arecibo, huko Puerto Rico, yalikatwa vipande vya sekunde 107 kila kimoja, na kila kipande kikatumwa kwa mtu wa kujitolea ili mashine yake itazame kama ndani yake mna dalili ya viumbe wenye akili walio mbali na dunia. Zaidi ya watu milioni tano walijiandikisha. Dalili waliyoitafuta haikuthibitika, na tarehe 31 Machi, 2020, kazi ya kugawa vipande ikasimamishwa.

Kwa mwanahistoria, habari iliyo kubwa zaidi ni ile ya udanganyifu. Ushirika ule haukulipa fedha. Uliandika tu jina la kila mtu na kiasi cha kazi aliyoitenda, kwenye orodha iliyosomwa na wote. Ilitosha. Walionekana watu walioichezea programu ili waonekane wamebeba mengi kuliko walivyobeba. Pamoja nao walikuwapo wengine wasio na hila yoyote, ambao mashine zao zilikuwa mbovu au zimekimbizwa kupita kadiri ya uwezo wake, zikarudisha majibu ya uongo kwa nia njema. Kwa seva iliyoyapokea majibu, mwizi na mgonjwa walifanana.

Dawa iliyopatikana ni ya kale. Robota moja lilipelekwa kwa watu wawili au zaidi wasiojuana, na majibu yakapokelewa pale tu yalipolingana. Programu iitwayo BOINC, iliyoanza kutungwa Berkeley mwaka 2002 chini ya David Anderson ili itumiwe na kazi za elimu za kila namna, iliifanya desturi hiyo kuwa kanuni iwezayo kuchaguliwa na kila mwenye kazi. Kanuni hiyo twaweza kuiita akidi: kama vile mkutano usivyoweza kukata shauri mpaka watu wa kutosha wawepo, ndivyo jibu lisivyohesabiwa kuwa jibu mpaka mashine za kutosha zimelikubali. Asiyelingana na wenzake haulizwi alikuwa na nia gani. Mzigo wake hukataliwa, robota hutumwa kwa mtu mwingine, na kazi huendelea.

Katika mwaka 2005 ujima huu uliigusa nchi yetu kwa namna ambayo wachache miongoni mwetu waliiona. Taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya nchi za joto, iliyokuwa mjini Basel, kwa msaada wa kituo cha CERN cha Geneva, ilianza kuijaribu kazi iliyoitwa malariacontrol.net. Taasisi hiyo ilikuwa na uhusiano na Ifakara tangu miaka ya 1950. Wataalamu wake walitunga mfano wa hesabu ambao ndani yake watu wa kubuni huzaliwa, huumwa na mbu, huugua, hupona au hufa, mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Ili kwamba mtu aweze kuuliza ingekuwaje kama kijiji kingepata vyandarua, au dawa, au chanjo. Mfano wa namna hiyo hauna maana usipolinganishwa na mambo yaliyoonekana kwa macho. Miongoni mwa takwimu zilizotumika kuulinganisha zilikuwamo zile za Namawala na Idete, vijiji vya bonde la Kilombero, ambako watafiti walikuwa wamehesabu mbu na kupima damu za watu.

Kazi ya kuulinganisha mfano huo na takwimu ilihitaji majaribio mengi mno, ikagawanywa kwa kompyuta za watu wa kujitolea, wengi wao wa Ulaya na Marekani. Iliendelea hata mwaka 2016. Mfano uliokua kutokana na kazi hiyo ulikuwa miongoni mwa mifano michache iliyotumika kukadiria faida ya chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwezi wa Oktoba 2021. Chanjo yenyewe ilijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na vituo viwili vya Tanzania vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Bagamoyo ile ile, mwisho wa njia yetu.

Tazama basi jinsi mizigo ilivyogeuka. Damu na mbu vilipimwa vijijini kwetu. Marobota ya hesabu yakabebwa katika vyumba vya watu wa mbali wasioweza kutamka jina la Namawala. Na chanjo ikajaribiwa pwani kwetu. Sehemu tuliyoikosa ni ya katikati, ya kubeba. Sisemi kwamba tulinyimwa. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mwenye mashine na intaneti. Lakini waya wa kwanza wa chini ya bahari uliotuunganisha na dunia, SEACOM, ulifika Dar es Salaam mwezi wa Julai 2009, na kutoka Dar es Salaam hata vijiji vya Unyamwezi ni safari nyingine. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya, nilipopata mashine na umeme wa kuaminika kidogo, nitake kuwa mchukuzi.

Kabla sijafika kwangu, iko habari moja zaidi inayoonyesha kwamba kosa si la mchukuzi daima. Februari 2006 watu wengi wa Uingereza, walioalikwa kwa njia ya televisheni ya BBC, walizipa kompyuta zao hesabu za tabianchi kutoka Chuo Kikuu cha Oxford, za kuanzia mwaka 1920 hata 2080. Mwezi wa Aprili wasimamizi walitangaza kwamba wameona dunia ya hesabu zao ikipata joto upesi mno. Faili moja, lililopaswa kuongeza hewani chembe za salfa zitokazo viwandani, ambazo huipunguzia dunia joto, halikuwa likifanya kazi yake. Wachukuzi wote walikuwa wamebeba salama. Mzigo wenyewe ulifungwa vibaya tangu mwanzo. Waliombwa kuanza upya. Wasimamizi wangaliweza kunyamaza, maana nani angejua? Lakini walilisema kosa lao waziwazi, wakaeleza kwamba hata hesabu zilizokwisha fanyika zina faida, kwa kuwa zaonyesha dunia ingalikuwaje bila chembe zile. Akidi isingaliliona kosa la namna hiyo, kwa sababu mashine zote zingalilingana katika upotovu mmoja. Mizani ya pili ilikuwa ni dunia yenyewe, ambayo joto lake la karne iliyopita lajulikana.

Nami sasa nakuja kwenye mashine yangu. Ni ya mezani, na ilikwisha tumika kabla sijainunua. Niliiunganisha na ushirika mmoja wa uchunguzi wa magonjwa, nikaketi kungoja mzigo. Mzigo haukuja. Programu iliandika tu kwamba imeshindwa kuwasiliana na seva. Nikaulaumu mtandao, nikanunua bando jingine. Mambo yakawa yale yale. Mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha tano na aliyekuja kukaa nami wakati wa likizo, alisimama nyuma yangu akatazama pembe ya chini ya kioo.

"Shangazi," akasema, "saa ya mashine yako yasema tuko mwaka 2009."

Ndivyo ilivyokuwa. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu, iitunzayo saa wakati umeme haupo. Betri ikifa, kila umeme ukatikapo saa hurudi nyuma. Seva nayo haizungumzi na mgeni bila kuonyesha hati ya uthibitisho yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Na mashine iaminiyo kwamba huu ni mwaka 2009 huiona hati hiyo kuwa haijaanza bado, ikaikataa. Tulibadili betri, tukaisahihisha saa, na marobota yakaanza kuingia usiku ule ule. Umeme ulipokatika, programu ilirejea mahali ilipopiga kambi mara ya mwisho, kwa maana huweka kumbukumbu ya kazi yake kila baada ya muda, ikaendelea kutoka hapo. Nikafurahi sana, nikafunga mlango wa chumba, nikaenda zangu kusahihisha mitihani.

Majuma matatu baadaye nilifungua ukurasa wa kazi zangu. Katika kila marobota kumi niliyorudisha, matatu au manne yalikuwa yamekataliwa: majibu yake hayakulingana na ya wenzangu. Nilihisi haya, kama mpagazi aliyefunguliwa mzigo mbele za watu. Wazo langu la kwanza, na naliungama hapa kwa kuwa ni wazo la wengi, lilikuwa kwamba wenzangu ndio waliokosea.

Mpwa wangu alileta daftari, tukaandika saa ambayo kila robota lililokataliwa lilikokotolewa. Mengi yalikuwa ya mchana. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na joto la Oktoba katika nchi hii halihitaji maelezo. Tuliizima mashine, tukachomoa waya, tukafungua ubavu wake. Feni ya prosesa ilikuwa imevikwa vumbi jekundu lililoshikamana kama kitambaa. Tuliliondoa kwa brashi na pampu ya baiskeli, huku tumeishika feni isizunguke. Halafu tukaiamuru programu isiitumie prosesa kwa nguvu zake zote. Marobota yaliyokataliwa yakapungua, likawa moja katika kumi. Nikatangaza kwamba ugonjwa umepona.

"Bado, Shangazi," mpwa wangu akasema. "Kama ugonjwa ulikuwa joto peke yake, mbona robota la usiku wa jana limekataliwa, na usiku kulikuwa na baridi?"

Nami nilikuwa nikifundisha mbinu za utafiti kwa miaka kumi na zaidi! Dawa ya kwanza ilipopunguza maumivu, niliacha kumtafuta adui wa pili. Mashine yangu ilikuwa na kadi mbili za kumbukumbu, ambazo mafundi wa mjini huziita RAM. Tulitoa moja, tukaendesha programu ya kupima kumbukumbu usiku kucha, haikuonyesha kosa. Tukaitoa hiyo, tukaweka ya pili peke yake, mahali pale pale. Kabla ya alfajiri ilikuwa imeandika makosa kadhaa. Kadi hiyo ilikuwa ikipewa namba moja kuitunza na kurudisha nyingine, si kila mara, ila mara chache tu, na uchache huo ndio uliokuwa hatari yake. Tuliiondoa. Mashine ikawa nzito kidogo, tukaipunguzia idadi ya marobota ya kubeba kwa wakati mmoja, na tangu hapo sijaona jibu lake lililokataliwa kwa kutolingana.

Laiti habari ingaliishia hapo. Lakini asubuhi ile, nikiishika ile kadi mkononi, nilikumbuka kwamba kumbukumbu ya mashine haichagui kazi. Kila kitu nilichokinakili kwa mashine ile kilikuwa kimepita ndani yake: alama za wanafunzi wangu, na masimulizi ya wazee wa Uyui niliyoyarekodi kwa miaka mingi, yenye maneno ya kazi ya safari ambayo sikuyaona katika kamusi yoyote. Alama nilizilinganisha na karatasi, zikawa salama. Masimulizi niliyalinganisha na nakala zilizobaki katika kinasa sauti. Mafaili manne hayakulingana. Matatu nikayanakili upya. La nne lilikuwa limekwisha futwa katika kinasa sauti ili kupata nafasi. Lafunguka, lasema kwa dakika chache, kisha sauti yakatika. Mzee aliyesimulia amefariki. Ndani yake alikuwa akieleza jinsi babu yake alivyofundishwa kufunga mzigo.

Nimejiuliza mara nyingi ningalijuaje. Mashine haikuzimika wala haikupiga kelele. Barua zangu zilisomeka, na kurasa zilifunguka. Hakuna mtu katika nyumba yangu, wala ofisini, aliyekuwa na mizani ya kuipima. Mizani ilikuwa kwa watu wawili watatu nisiowajua majina wala nchi, waliopewa robota lile lile nililopewa mimi na kulifikisha salama. Kama nisingalijitolea kubeba mzigo wao, ningaliendelea kuuharibu wangu, faili baada ya faili, kwa amani kabisa. Nilidhani natoa msaada bure. Kumbe nililipwa, na ujira wangu ulikuwa ni kuambiwa kwamba nimekosea.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa historia waitazame upya njia ya misafara. Tumezoea kuuliza ni wangapi waliobeba, walibeba nini, na nani alitajirika. Ni maswali ya haki, na yaendelee kuulizwa. Tuongeze na hili: mzigo ulipimwa wapi, na nani, na ulipopungua ilikuwaje? Katika majibu ya swali hilo utaona tofauti kati ya msafara wa watu waliopatana na msafara wa watu waliolazimishwa. Mtumwa hakuwa na neno mbele ya mizani. Mpagazi huru alikuwa nalo: aliweza kuuonyesha mzigo wake, kudai posho yake, na kumwambia mwenye msafara kwamba kosa ni lake yeye aliyeufunga vibaya.

Nawaomba pia walimu wenzangu wa vyuo na shule zenye vyumba vya kompyuta, ambavyo usiku hukaa kimya, wafikiri juu ya ujima huu. Umeme una gharama, na si kila mahali gharama hiyo itastahili. Nami sishauri mtu abebe mzigo unaomlemea. Lakini mwanafunzi atakayeitafuta hitilafu ya robota moja lililokataliwa, kutoka saa hata vumbi, na kutoka vumbi hata kumbukumbu, akiandika katika daftari kila analoliona na kuondoa sababu moja baada ya moja, atakuwa amejifunza njia ya Nicely bila kwenda Virginia.

Mpwa wangu alirudi shuleni likizo ilipokwisha. Ile kadi mbovu sikuitupa. Nimeifunga kwa uzi juu ya rafu, karibu na vitabu vya safari za karne ya kumi na tisa, na mgeni akiniuliza ni kitu gani, humwambia kwamba ni mpagazi mmoja aliyekuwa akipunguza mzigo njiani, na ya kuwa nilimpenda na kumwamini mpaka siku alipopelekwa penye mizani.